Nyaya za Meno na Koleo la Fundi Miavuli

Kamembe mvua haina aibu. Inanyesha asubuhi, inapumzika, inarudi jioni. Kwa Birindwa hiyo ni neema, maana yeye ni fundi wa miavuli. Kila siku anakaa mbele ya nyumba yake na koleo dogo mkononi. Ananyoosha mbavu zilizopinda, anakata waya zilizovunjika, anashona vitambaa vilivyochanika. Uzi wake anaupaka nta kwanza, ili maji yasipenye kwenye mshono.

Mkewe, Micheline, anauza vitunguu. Asubuhi anavuka mpaka wa Rwanda kwenda Bukavu, upande wa Kongo, jioni anarudi na beseni tupu. Wana binti mmoja, Divine, mwenye umri wa miaka kumi na tano.

Meno ya juu ya Divine yalikuwa yamepandana na kutokeza mbele. Akitaka kukata mkate, aliuingiza kwa pembeni. Akicheka, aliziba mdomo kwa kiganja. Darasani alijua majibu, lakini alikaa kimya. Hilo liliwauma wazazi wake kuliko meno yenyewe.

Basi Alhamisi moja walimpeleka kwa daktari wa meno. Daktari alibandika vyuma vidogo kwenye meno yake, akapitisha waya juu ya vyuma hivyo. Divine hakuumia. Alitoka pale akitabasamu. Alipewa karatasi ya maelezo na kisanduku kidogo chenye vijiti vyeupe vya nta.

Karatasi ile Micheline aliifungia kwenye sanduku la nguo, pamoja na hati ya kiwanja, isije ikapotea. Hakuna aliyeisoma. Nta nayo, Birindwa aliinusa na kuifinya kwa vidole.

"Hii njo nta ya muzuri," alisema. "Itanisaidia ku uzi."

Divine akampa. Jioni ile akala ugali na sambaza za kukaanga, vile visamaki vikavu vinavyolia mdomoni, kama hakuna kilichobadilika.

Ijumaa mambo yaligeuka. Meno yote yaliuma, kana kwamba mtu anayasukuma. Hata ndizi mbivu ilimshinda. Jumamosi ikawa mbaya zaidi. Midomo ilikuwa na vidonda, na ncha ya waya ilimchoma shavu kwa ndani.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Majirani wote walikwenda kusafisha mitaro ya barabara, na kliniki ilikuwa imefungwa. Birindwa aliporudi na matope miguuni, alimkuta binti yake analia mlangoni.

"Papa, unitoshe hii kitu," Divine alisema, akitaka vyuma viondolewe. "Sitaki tena. Afazali nibakie na meno yangu ya zamani."

"Unaumwa wapi?"

"Meno yote. Na huku nyuma, waya iko inanichoma."

Birindwa hawezi kuvumilia machozi ya mtoto huyo. Tangu Divine azaliwe, hajaweza. Aliingia ndani, akatoka na koleo.

"Ukae hapa ku mwangaza," alisema. "Nitakata ile waya, kisha nitatosha vyuma moja moja. Miaka makumi mbili mi niko nakata waya."

Divine akafumba macho, akafungua mdomo.

Wakati huo Umuhire alikuwa anapita na jembe begani. Ni msichana wa jirani, na anafanya kazi kwa yule daktari wa meno. Alilitupa jembe chini.

"Papa Divine! Unafanya nini?"

"Niko namutosha mutoto ku mateso. Banamuharibia kinywa!"

"Tafazali, uweke hiyo pense chini kwanza."

Birindwa alilishusha koleo. Umuhire alinawa mikono kwa sabuni, akamtazama Divine mdomoni kwa makini.

"Ukikata, kipande kinaweza kuingia ku koo," alisema. "Kinaweza kufika hata mu mapafu. Na vile vyuma vinashikwa na gundi ya nguvu. Ukivuta na pense, utavunja jino. Meno haiko mbavu za mwavuli, Papa."

"Lakini anaumwa!" Birindwa alipaza sauti. "Mi ni baba yake. Nikae tu nikimuangalia?"

"Naelewa, Papa. Lakini hii maumivu ni ya kawaida. Meno iko inasukumwa polepole, inaenda fasi yake. Siku ya kwanza muntu hasikii sana. Ya pili na ya tatu njo inazidi. Kisha inapungua. Wiki moja ikiisha, bengi banasahau. Yote iko ku karatasi. Hamukusoma?"

"Maman aliifungia mu valizi," Divine alisema.

"Na nta iko wapi? Nilikupa mi mwenyewe."

Divine alimtazama baba yake. Baba yake alitazama mwavuli mweusi uliokuwa umening'inia kwenye msumari.

"Iko ku mwavuli ya pasteri," alisema taratibu.

Umuhire alicheka mpaka akashika kiuno. Divine naye alitaka kucheka, akashika shavu. Ilikuwa nta ya kuzuia waya isimchome mtoto, na sasa ilikuwa inazuia mvua isimlowanishe mchungaji.

Umuhire alikwenda kwao, akarudi na kisanduku kingine cha nta. Alimfundisha Divine mbele ya kioo. Alikausha waya kwa kitambaa safi. Alikata kipande cha nta kidogo kama punje ya maharage, akakifinyanga kwa vidole mpaka kikawa laini, akakibandika kwenye ile ncha.

"Sasa?"

Divine aligusa shavu. "Hainichome tena."

"Ukitaka kupiga mswaki, uitoshe, kisha uweke ingine. Jumatatu uje kliniki, tutakata hiyo ncha na vyombo vyetu. Vidonda, usukutue na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Maumivu ikikuzidi, umeze paracetamol, ile kipimo iko ku paketi tu, usipitishe."

"Na kula?"

"Chakula cha kulainika. Uji, avoka, viazi vya kuponda, sombe ya majani ya muhogo. Sambaza kavu, muhindi ya kuchoma, miwa na karanga, hapana. Vitang'oa vyuma. Na mswaki usiuache, hata kama inauma. Ukisikia meno inatikisika kidogo, usiogope. Lakini ukivimba, ama damu ikikataa kukauka, ama wiki ikiisha na maumivu inazidi, uje mbio."

Jioni Micheline aliporudi, alifungua sanduku, akaitoa karatasi na kuibandika ukutani jikoni. Kwa siku tatu alimpondea Divine viazi. Jumatatu Umuhire na daktari walikata ile ncha kwa dakika moja. Kufikia Alhamisi Divine alikuwa anakula wali bila kukunja uso. Wiki mbili baadaye mwalimu aliuliza swali, naye akajibu kwa sauti, vyuma vyote vikionekana. Wenzake walimtazama, kisha wakaendelea na somo.

Mwezi uliofuata daktari aliibana waya. Alikuwa amemwambia mapema kwamba maumivu yatarudi siku mbili au tatu, si makali kama ya kwanza. Asubuhi iliyofuata Birindwa alimkuta binti yake jikoni, anakunywa uji polepole.

"Inauma?"

"Inauma, Papa."

"Nikufanyie nini?"

"Hakuna, Papa. Itaisha yenyewe."

Birindwa alibaki amesimama. Kwa fundi kama yeye, hakuna kazi ngumu kuliko kuacha kitu kijinyooshe chenyewe. Alivuta kigoda, akakaa kando ya mtoto wake, mikono yake mitupu juu ya magoti, mpaka uji ukaisha.