Mashine Iliyosubiri Sekunde Tatu

Nilisimama mlangoni nikasikia sauti yangu inafundisha ndani... na mimi niko nje nimeshika kikombe cha kahawa!

Nikafungua mlango.

Uso wangu ulikuwa ukutani, mkubwa kama kabati. Wanafunzi kumi na nane wanauangalia. Mkuu wa idara, Esko, rafiki yangu wa miaka ishirini, kakaa nyuma na wageni wawili.

"Esko, hiki ni nini?"

"Raili... nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Nikishazikwa?"

Akanivuta pembeni. Kumbe zile video nilizorekodi jikoni kwangu wakati wa korona, paka akipita nyuma, wameilisha mashine. Sasa inafundisha somo langu la misitu yenyewe! Wageni wametoka kwenye mfuko wa teknolojia ya vyuo. Wakiridhika, wanatoa fedha, na kazi yangu inaishia Mei.

Jamani, nilichoka. Hata hasira ilinikataa. Nikakaa.

Mimi wa ukutani akaonyesha picha, akauliza, "Kwa nini misonobari hii imepinda chini, halafu ikanyooka juu?"

Kimya.

Ngoja niwaambie kitu. Huku kwetu Ufini, ukijibu haraka unaonekana hujafikiri. Mimi nikiuliza swali, nakunywa kahawa hata dakika nzima, wanafunzi wanawaza.

Mashine ilisubiri sekunde tatu.

"Naona hamjaelewa. Tuanze upya!"

Ikarudi mwanzo wa somo. Dakika saba. Swali lilelile, kimya kilekile.

"Naona hamjaelewa. Tuanze upya!"

Mara nne! Na hakuna aliyelalamika, maana sisi adabu itatuua. Mgeni mmoja akaanza kusinzia.

Nikainuka, nikachomoa waya.

Nikauliza swali lile mwenyewe, nikajimiminia kahawa ya moto kutoka kwenye chupa, nikanyamaza. Dakika ikapita. Ndipo Venla, binti mpole wa mstari wa mbele, akasema taratibu:

"Udongo wa mlimani unateleza polepole. Mti unahama nao, huku unajinyoosha."

Mgeni aliyekuwa macho akapiga makofi. Nikajua nimepona!

Thubutu...

"Safi sana," akasema. "Fedha tunatoa, za mashine mpya inayojua kusubiri. Na wewe Raili ndiye utakayeifundisha kunyamaza. Miezi sita, halafu basi. Unakubali?"

Yaani nichimbe kaburi langu, tena kwa ustadi!

Nikanyamaza. Nikawaangalia wanafunzi. Nikawaza miaka yangu thelathini na moja kwenye chumba kile.

Moja. Mbili. Tatu.

"Haya, amekubali," Esko akasema, akaanza kuandika.

Mfini mwenzangu! Tumekaa sauna moja, kile chumba chetu cha mvuke, tukamaliza saa nzima bila kusema neno, na tukatoka tumeelewana!

"Esko," nikasema, "hujanisubiri."

Kalamu ikasimama. Masikio yakamwiva kwa aibu. Safari hii akasubiri, na wote wakasubiri naye, mpaka kahawa yangu ikapoa.

"Hapana," nikasema.

Mei nilifungasha vitabu vyangu, nikaagwa kwa mikate ya iliki. Mashine mpya ilikuja. Venla ananiambia bado inaanza upya. Naumia, siwafichi, na asubuhi bado naamka saa ya darasa.

Ila wewe unayesoma hapa, mtu akinyamaza usimjibie. Huenda anatafuta jibu, na jibu lenyewe linaweza kuwa hapana.