Mapigo ya Uongo

Mfuko wa hewa wa mashine ya usingizi ulivuta pumzi kabla mbwa hajaletwa mezani. Mama Usingizi aliuona kwa macho yake, saa tatu asubuhi, jua limejaa dirishani: ule mfuko mweusi wa mpira ulituna polepole, ukatulia, kisha ukanywea. Harufu ya nywele zilizoungua ikampita puani. Akachungulia nyuma ya mashine. Waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa miaka kumi na minne kazi yake katika zahanati ile ya mifugo ilikuwa kuwalaza mbwa wanaopasuliwa na kuhakikisha wanaamka. Kulaza si kazi. Hata mlevi anaweza kumlaza mbwa akimwangukia. Kazi ni kumrudisha. Na tangu ije mashine hii, iliyotolewa kwenye hospitali moja iliyofungwa, mbwa wawili hawakurudi.

Ajabu ni kwamba mashine haikulalamika. Mara zote mbili ililia ti, ti, ti, moyo mzuri, hewa nzuri, mpaka Daktari akamaliza kushona na kukuta mnyama ameshapoa. Mashine haina uso wa kuulizwa maswali, kwa hiyo aliulizwa mwenye uso. Siku hizi Daktari alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Dada, hivi gesi unafungulia kiasi gani?"

"Kilekile cha siku zote, Daktari. Hiyo mashine ina mtu ndani."

"Jini?" Daktari akacheka bila furaha. "Jini gani huyo wa kusomea mifugo? Kama ana cheti mwambie alete, tuna upungufu wa watu."

"Cheka tu. Mimi leo simlazi mbwa kwa hiyo mashine."

"Ile ya zamani imekufa, unajua. Na uvimbe wa huyu ukipasukia tumboni, hafiki hata kesho."

Mama Usingizi akaanza kuandaa sindano, maana mbwa wa siku hiyo alikuwa Kamanda, mbwa wa mama yake mzazi. Bibi yule hakuwa amesikia chochote kwa miaka tisa, na Kamanda ndiye aliyekuwa masikio yake. Mlango ukigongwa, humvuta upindo wa gauni. Birika likichemka, humvuta upindo wa gauni. Bila Kamanda, bibi asingeweza kukaa peke yake hata nusu siku, na mwanawe aliogopa zaidi hilo kuliko kufukuzwa kazi.

Bibi, aliyekuja na mbwa wake, alikataa kutoka chumba cha upasuaji. "Nitakaa hapa," alisema kwa ile sauti yake kubwa isiyojisikia, akavuta kigoda, akaweka kiganja juu ya mbavu za mbwa. Daktari akakunja uso, kisha akaacha. Mama Usingizi akamchoma Kamanda sindano, akapitisha mpira kooni, akafungua gesi. Halafu akaweka vidole viwili ndani ya paja la mbwa, kwenye mshipa, akaapa kimoyomoyo kutoviondoa.

Lakini Daktari alipoufikia uvimbe, damu ikaruka.

"Shika hapa! Haraka!"

Akaushika mshipa uliokuwa ukivuja. Kwa hiyo vidole vikatoka pajani, na masikio yakaachiwa kazi ya mkono. Ti, ti, ti, iliimba mashine, moyo mzuri, hewa nzuri.

"Mbona amesimama?" akauliza bibi.

"Nani, mama?"

"Kifua. Kimesimama."

Daktari akamgeukia ili amwone midomo. "Bibi, mashine inasema mzima."

"Mimi mashine yako siisikii, baba. Mkono wangu unasema anakufa."

Mama Usingizi akainua mdomo wa Kamanda, akaona fizi zimepauka, akafunga gesi na kufungua oksijeni, akang'oa waya ukutani, na ile mashine, isiyo na umeme wala nuru kiooni, ikaendelea kulia ti, ti, ti kwa utulivu uleule, huku harufu ya nywele zilizoungua ikijaa chumba kizima, na alipoukamata mfuko aubane ampe mbwa pumzi, mfuko ukamvuta, ndiyo, ukamvuta kwa ndani kama mkono unaong'ang'ania mkono wake.

"Zima hicho kitu!" Daktari alinong'ona, akikandamiza kifua cha mbwa.

"Nimeshazima!"

Bibi hakusikia lolote. Aliona tu nyuso zao, akaona mfuko unavyopigana, akaelewa kwa njia yake. Akasimama, akaielekea mashine.

"Mwache huyu!" akapaza sauti. "Kama ni roho unataka, mimi mzee niko hapa. Huyu mwache!"

Mlio ukakatika. Mfuko ukalegea mkononi, hewa ikapita, na chini ya kiganja cha Daktari moyo ukagonga mara moja, kisha tena. Baada ya saa moja Kamanda alimeza mate, na Mama Usingizi akauvuta mpira kooni mwake huku analia waziwazi. Alasiri mashine ilivunjwavunjwa kwa nyundo, na Daktari ndiye aliyeishika nyundo. Hakuuliza tena habari za gesi.

Jioni, nyumbani, bibi alisinzia kitini, amempa kisogo mlango wa jikoni, mbwa amelala miguuni pake. Mwanawe alikuwa anaosha vikombe. Moyo ulikuwa mweupe.

Ti.

Akafunga bomba.

Ti, ti, ti. Sauti ndogo, tulivu, kutoka sebuleni.

Akaenda kwa kunyata, akapiga magoti, akaweka vidole pajani mwa Kamanda. Mshipa ulikuwa unapiga, lakini si kwa mwendo wa ule mlio. Akajishika shingo yake mwenyewe. Wake ulipiga mbio, nao haufanani. Ndipo akakumbuka kwamba mlio ule uliwalilia hata waliokwisha kufa.

Akaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa wa baridi, na kwenye kifundo hapakuwa na kitu.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama!"

Kamanda akainuka kwa shida, nywele zimemsimama, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Usipige kelele, mwanangu," akajibu bibi, amefumba macho. "Nakusikia."