Mbegu ya Nywila

Kila alipotoka shule, Fakhriya alipanda ngazi hadi ghorofa ya juu, Mtaa wa Sikukuu, akafungua mlango kwa ufunguo wake. Mama yake alikuwa bado dukani, Kariakoo sokoni, akiuza mabaibui. Fakhriya alipasha moto wali, akala peke yake, kisha akasimama dirishani. Huko chini wachuuzi waliita watu kwa vipaza sauti. Hakuna aliyemwita yeye.

Zamani rafiki yake Severine alikuwa akipanda naye ngazi hizo. Tangu mambo ya mashairi, hakupanda tena.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Klabu yao ya kompyuta shuleni ilikuwa na kompyuta moja ya mtumba, na kila mwanafunzi alikuwa na folda yake humo. Fakhriya ndiye aliyetengeneza programu ya kutoa nywila, yaani namba ya siri ya kufungulia folda. Kila siku ilimpatia mtu mmoja namba yake.

"Namba hizi hazibahatishiki," aliwaambia kwa fahari. "Hata mimi sizioni."

Severine akaamini, akaficha mashairi yake humo. Haikupita wiki, Amira, mwenzao wa klabu, akawa anayaimba uwanjani huku wenzake wakicheka.

"Wewe ndiye fundi," Severine alimwambia Fakhriya. "Nani mwingine angempa nywila yangu?"

"Sikumpa, wallahi."

"Basi folda ilijifungua yenyewe."

Toka siku hiyo, dawati la Fakhriya likabaki na nafasi tupu ya mtu mmoja.

Mchana mmoja alibaki darasani peke yake na ile kompyuta. Umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ilipowaka, ilionyesha tarehe mosi Januari, ya mwaka ambao yeye alikuwa hajazaliwa. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, hivyo kila ilipozimwa ilisahau tarehe na kuanza upya. Fakhriya alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi, akalipuuza.

Safari hii aliitazama tena. Programu yake ilichukua tarehe ya kompyuta kama mbegu, na kutoka kwenye mbegu hiyo ikaotesha namba. Mbegu ikiwa ileile, namba nayo huwa ileile. Aliiendesha. Namba iliyotoka ilikuwa nywila yake mwenyewe.

Kompyuta ilizimwa kila jioni; kumbe wote walikuwa na nywila moja.

Angeweza kurekebisha kimyakimya, akabaki fundi. Alikaa akiitazama ile namba. Halafu akaenda ofisini kwa Mwalimu Tarsis, mlezi wa klabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hujaenda nyumbani?"

Akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ulitugawia kufuli nyingi zenye ufunguo mmoja," alisema. "Na hata betri ingekuwa nzima, tarehe ya leo nani asiyeijua?"

Fakhriya hakuwa amewaza hilo.

"Utawaambia mwenyewe?"

"Nitawaambia," alijibu.

Kesho yake akasimama mbele ya klabu, akasema. Amira akainamisha uso. "Mimi nilibonyeza folda ya Severine kwa kukosea," alisema. "Nikaandika namba yangu, ikafunguka."

"Na kuyaimba nako ulikosea?" Severine akauliza.

Amira akasema polepole, "Hapana. Nisamehe."

"Sasa mbegu itatoka kwenu," Fakhriya aliendelea. "Kila mtu atatikisa kipanya na kubonyeza herufi ovyo. Programu itapima muda kati ya pigo na pigo, vipande vidogo sana vya sekunde, kisha itavikoroga. Hakuna anayeweza kuurudia mkono wa mwenzake."

"Kipanya cha Posta au cha Feri?" mmoja akauliza, kama vile ni yale mabasi madogo ya abiria yaitwayo vipanya. Darasa likacheka.

Severine alikuja mwisho. Alizungusha kipanya bila kumtazama Fakhriya.

"Imetosha?"

"Bado kidogo."

"We unanichosha." Lakini aliendelea kuzungusha.

Mwalimu Tarsis akawaambia, "Mashine ikiachwa peke yake hurudia yaleyale. Nanyi mkikabidhiwa siri za watu, jaribuni kazi yenu kabla ya kujisifu. Mkikosea, semeni mapema, kama Fakhriya, kabla mwingine hajaumia."

Getini Severine alikuwa amesimama.

"Kwenu leo kuna nini?"

"Wali wa jana."

"Twende. Ila mashairi sikusomei."

Walipanda ngazi pamoja. Fakhriya alifungua mlango, akatoa sahani mbili.