Filamu ya Mwisho ya Stella

Diski ilifika ikiwa imelowa ndani. Nailoni ya nje ilikuwa haijaguswa, imelibana kasha kama ilivyotoka kwa mtengenezaji, lakini Lukresia alipoichana kwa kucha, maji yalimchuruzikia mapajani, na chumba cha redio kikajaa harufu ya tope la mashamba ya mpunga. Alitazama dirishani. Mjini Moshi jua lilikuwa linawaka, na barabara ilikuwa kavu.

Aliifuta diski kwa pindo la kanga, akaiinua kwenye mwanga kutafuta mikwaruzo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila Jumamosi watu wa mjini na wa migombani walimsikiliza akichambua filamu mpya na diski zake: nani kaigiza kwa moyo na nani kasoma maneno tu, picha ina giza kiasi gani, muziki umemeza sauti za watu au la, na kama diski inakwama katikati na kumwacha mtu na hamu yake. Walimwamini kwa sababu hakumpendelea mtu. Hata filamu ya rafiki yake, ikiwa mbaya, aliisema.

Hii lakini ilikuwa na sura ya mdogo wake kwenye kasha.

Stella alikuwa amepigania nafasi ile kwa miaka, akicheza watumishi na majirani katika filamu za watu, mpaka Jesse, mwongozaji kijana wa Moshi, alipompa nafasi ya binti mkuu. Siku ya mwisho ya kupiga picha walikuwa kwenye mto huko chini upande wa Mabogini. Huko hapakuwa na hata wingu, ila juu mlimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na maji yakateremka kwa mkupuo mmoja. Wenzake waliokuwa ukingoni walimwona mara moja tu. Walimtafuta mpaka watafutaji wakaanza kurudi nyumbani mmoja mmoja, na mwisho ukoo ukazika kitenge chake kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya kaburi la baba yake.

Mama yao, Apolonia, hakukubali kumwita Stella marehemu. Mtu akimpa pole, alijibu kwamba Stella hajapanda bado. Ndivyo watu wa kwao Kirua Vunjo, juu mlimani, wanavyosema juu ya mtu aliyeshuka mjini na kuchelewa kurudi. Lukresia alihamia kwa mama ili asikae peke yake, akawa anashuka kazini asubuhi na kupanda jioni. Hakukusudia kumwonyesha diski ile. Lakini habari zilishapanda kabla yake. Alipofika, mama alikuwa amekwisha kuliondoa vumbi kwenye deki na kuvaa gauni la kanisani.

Waliitazama jioni hiyohiyo, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Ilikuwa filamu nzuri. Hilo lilimuuma Lukresia kuliko alivyodhani, kwani jicho la kazi lilikataa kulala, likawa linahesabu sifa: namna Stella alivyonyamaza kabla ya kujibu, namna alivyomwacha mwenzake azungumze huku uso wake ukisema mengine. Mama hakulia. Alitazama akiwa ameshika mikono mapajani. Mwishoni binti wa kwenye filamu alisimama ukingoni mwa mto, kisha ikaja picha ya maji peke yake, kisha majina.

Lukresia alinyoosha rimoti azime. Majina yalikuwa yamekwisha, lakini badala ya giza, maji yalirudi. Stella alikuwa amesimama ndani yake, yamemfika vifundoni, amewapa mgongo. Hakukuwa na muziki wala sauti ya ndege. Yalisikika maji tu, na yalisikika kama yanapita nyuma ya makochi.

"Mwache," mama akanong'ona.

Stella akageuza kichwa taratibu, akawatazama.

Lukresia alitoka nje kumpigia Jesse, sauti akiibana mama asisikie. Alimuuliza kwa nini ameiweka ile picha wakati aliiahidi familia kwamba hatatumia picha yoyote ya siku ile mtoni.

"Dada," Jesse alisema, "ile ya ukingoni ni ya jana yake. Siku ile hatukubaki na picha hata moja. Kamera yenyewe ilikwenda na maji."

Tangu hapo nyumba ile haikuwa na neno lingine. Mama aliiwasha filamu kila Lukresia alipotoka kwenda kazini, na hakuitazama tena toka mwanzo, bali aliipeleka mbele mpaka kule kwenye majina, akasubiri. Majani ya ng'ombe hayakukatwa. Ndizi ziliiva mkunguni, ndege wakazila. Jirani alimweleza Lukresia kwamba akipita huwasikia mama na mtu mwingine wakiongea polepole, na kwamba alidhani wamepata mgeni. Jioni Lukresia alikuta mkeka mbele ya runinga umelowa, na alipoukanyaga, tope lililomtoka kati ya vidole halikuwa jekundu kama udongo wa kihambani. Lilikuwa jeusi, la mabondeni. Kila alipojikaza kuitazama ile picha ya mwisho, mdogo wake alikuwa amesogea karibu zaidi na kioo.

Akaichukua diski, akaenda kuifungia kwenye droo yake ya ofisini.

Siku hiyo umeme ulikatika mlimani kote. Lukresia alipanda akiwa na nafuu kidogo moyoni, akifikiri kwamba leo angalau, diski ikiwa haipo na umeme haupo, mama atakuwa amekaa jikoni kama watu wengine. Lakini alipoingia kwenye njia ya migomba aliyasikia maji, na akajiambia ni mfongo, ule mfereji wa wazee unaopita juu ya shamba lao, ingawa alijua kwamba mfongo ulikuwa umefungwa tangu wiki iliyopita ili usafishwe, na kadiri alivyokaribia mlango ndivyo sauti ilivyozidi kutokea ndani na siyo juu, na harufu ya mpunga uliooza ikamkaba koo, na alipousukuma mlango akaona mwanga wa rangi ya maji machafu ukitetemeka kwenye dari, runinga inawaka, deki imefungua mdomo wake mtupu, na mama yake amepiga magoti mbele ya kioo, mkono wake wa kulia umezama ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Mae, njoo," sauti ya Stella ilikuwa inambembeleza mama yake kwa Kichaga. "Maji si ya kina."

Lukresia alimkumbatia mama kiunoni akamvuta. Kitu cha upande wa pili nacho kilivuta. Walianguka wote wawili sakafuni, na mkono wa mama ulipotoka ulikuwa wa baridi kama wa maiti, umepakwa tope, na kwenye kifundo kulikuwa na alama za vidole vilivyokuwa virefu kuliko vya mtu.

Usiku ule walilala jikoni, mlango umefungwa. Kulipopambazuka mahali alipolala mama palikuwa patupu. Lukresia alimkuta amelala kifudifudi ndani ya mfongo mkavu, gauni limelowa chepechepe, nywele zimelowa, anatapika maji ambayo hayakuwepo popote pale.

Ndipo alipomwita baba mdogo Thadeus.

Thadeus alikuwa katekista wa kigango chao, na pia ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Alikuja na maji ya baraka kwenye chupa na majani ya isale, mmea wa amani na msamaha wa Wachaga, mkononi, na hakuona haya kubeba vyote viwili. Lukresia alimwamkia shikamoo, akampisha mlangoni. Mzee alimwitikia, akaingia, akautazama mkeka, akanusa hewa. Alisali rozari nzima, akanyunyiza maji ya baraka pembe zote nne. Runinga iliyokuwa imechomolewa ukutani ikajiwasha yenyewe, na Stella akawa amesimama pale, uso umekaribia kioo mpaka pumzi yake inakitia ukungu.

Thadeus hakurudi nyuma. Aliketi kwenye kigoda, akamgeukia Apolonia.

"Shemeji," alisema kwa upole, "mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba hatolewi na jirani. Nikisali mimi, kitu hiki kitasikia tu, hakitatoka. Nani alikiita?"

Apolonia alikuwa amejifunika blanketi, midomo ya bluu. Alijibu kwamba yeye ndiye aliyeita. Tangu siku ile ya kwanza alikuwa akimwita mwanawe kwa jina, na kumwambia apande nyumbani.

"Na unaamini ni yeye?"

Mama alikitazama kioo. Yule wa kwenye kioo alitabasamu, na lilikuwa ndilo tabasamu lenyewe la Stella, la kuinua upande mmoja wa mdomo.

"Nilijua tangu mwanzo kwamba siye," Apolonia alisema. "Stella alikuwa anaogopa maji tangu mdogo. Kumvusha mfongo tu ilikuwa kumbeba mgongoni. Asingeniita mimi niingie majini. Lakini kina uso wake, Thadeus. Ningeutoa wapi tena uso wake?"

Lukresia alijifunika macho kwa kanga.

Thadeus alimwekea isale mikononi, akamweleza kwamba ni yeye aliyekifungulia, na ni yeye wa kukiambia kitoke, na kwamba akisema nusunusu kitabaki. Mama akainuka. Alitembea hadi kwenye runinga, na kile kilichokuwa ndani kikaanza kulia kwa sauti ya Stella, kwanza ya Stella mkubwa, kisha ya Stella wa shule ya msingi, kisha ya Stella mtoto mchanga anayetafuta titi, na maji yakaanza kububujika chini ya kioo na kuteremka kwenye kabati na kutambaa sakafuni hadi miguuni pa mama, baridi kama theluji ya juu kule, na mama hakuyakwepa, alisimama ndani yake ameyashika majani kifuani, machozi yanamdondoka kidevuni, mpaka Lukresia akadhani hataweza, kwamba atapiga magoti tena na safari hii hakutakuwa na wa kumvuta.

"Wewe si mwanangu," Apolonia alisema. "Mwanangu amekufa. Amekufa kwenye maji huko chini, na mimi sikuwepo. Toka kwangu. Acha uso wake, uende."

Uso ukabaki kwenye kioo kitambo kidogo, bila tabasamu. Kisha ukaanza kuyeyuka kama udongo kwenye mvua, ukaacha nyuma yake kitu kirefu cheusi kisicho na macho, nacho kikageuka, kikatembea kuelekea kwenye maji yake, kikazama. Runinga ikapasuka katikati. Maji ya sakafuni yakanywewa na udongo wa nje ya mlango, na nyumba ikanyamaza.

Kesho yake Lukresia aliifungua droo ya ofisini. Diski ilikuwa safi pande zote mbili kama kipande cha kioo, haina kitu.

Wiki iliyofuata Apolonia alikwenda mwenyewe kwa Padre kuomba misa ya marehemu, akalitaja jina. Watu walikuja, wakakaa nao, wakapika, wakanywa mbege, pombe ya ndizi, wakalia kilio ambacho mama hakuwa amewaruhusu kulia siku ya kuzika kitenge. Jesse naye alipanda. Kabla ya kuondoka alimpa Lukresia nakala nyingine ya filamu ileile, na Lukresia aliikagua nailoni na kuitikisa sikioni. Ilikuwa kavu. Stella alikuwa humo, Stella wa kweli, akiigiza vile alivyoigiza.

Alimpelekea mama jikoni, akamkuta anamenya ndizi za jioni. Alimwambia ilivyo, na kwamba wanaweza kuomba runinga ya jirani. Mama aliifuta mikono, akakipapasa kile kipicha cha kwenye kasha kwa kidole gumba, akamrudishia.

"Hapana. Nimeshauambia uso huu uende. Nisiuite tena." Akasukuma kuni mbele. "Nisimulie wewe. Kama unavyowasimulia wale wa redioni."

Basi Lukresia akaketi kando ya moto, akamsimulia. Alianza na picha na mwanga, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuanza, sauti yake ikiwa ya kazini, kisha ikaacha kuwa ya kazini. Alimweleza jinsi binti alivyoingia kwenye hadithi akiwa amebeba ndoo na kuwafanya wote wamtazame bila kusema kitu. Alimweleza maneno yake aliyoyakumbuka, na pale alipocheka. Mama alicheka naye mara moja. Lukresia alipofika kwenye sehemu ya mtoni akasita.

"Endelea," mama akasema.

"Anasimama ukingoni. Halafu ni maji, mae. Filamu inaishia hapo."

Chungu kilikuwa kimeanza kuchemka. Apolonia aliinua kifuniko, akatazama ndani, akafunika tena.

"Na wewe utawaambiaje watu Jumamosi? Imeishaje?"

Lukresia alifikiri, kwa kuwa mama alikuwa ameuliza kwa dhati, na kwa kuwa hajawahi kumdanganya mtu juu ya filamu.

"Nitawaambia ni nzuri," alisema. "Nitawaambia imeisha kabla ya wakati wake."