Kipimaweupe na Hina ya Mize

Kipimaweupe kilikitazama kiganja cha mgonjwa, na kufumba na kufumbua kikasema ana damu kiasi gani, bila sindano. Ikiwaka taa ya manjano, ghala la damu lilifunguka lenyewe na mfuko ukaletwa juu ya reli. Ikiwaka ya kijani, uende zako. Siku ya kukizindua pale hospitali ya Wete wakubwa walikisifu mpaka mate yakawakauka. Wao wenyewe hupimwa ng'ambo, kwa sindano.

Mize aliweka kiganja. Kijani.

"Damu tosha," mashine ikasema. "Anayefuata."

"Tosha ya nani?" akauliza mumewe Kombo, mwashi. "Nimembeba mgongoni toka nyumbani."

Muuguzi Asia alikatazwa kupima kwa mkono. Akaangaza huku na huku, kisha akaivuta chini kope ya jicho la Mize. Ndani peupe kama nyama ya nazi.

"Weupe huu ni dalili tu, nyuma yake mna mengi," akanong'ona. "Malaria, safura, figo, selimundu. Bibi, hedhi imekatika?"

"Wiki ya nne hii inatoka. Tulikuwa na harusi ya mpwa wangu, sikutaka kuwaharibia watu."

Asia akamgeuza mikono. Hina, toka kucha mpaka kifundo.

"Inaona hina, inadhani damu."

"Basi fungua ghala, mwanangu."

"Halina kitasa, mzee. Linaisikiliza mashine tu."

Akawapigia wakubwa mjini. Sauti ikajibu kwa upole kwamba mashine haikosei. Mgonjwa apimwe tena hina ikishatoka.

"Hina hukaa wiki tatu," Kombo akasema. "Huyo hana mke?"

Akamkalisha mkewe penye bomba. Akasugua kwa ndimu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa makumbi ya nazi.

"Polepole," Mize akasema, pumzi zikimpaa. "Hata siku ya ndoa hukuishika hivi mikono hii."

Hina ikafifia. Lakini ngozi ilikuwa imechubuka, nayo ikawiva nyekundu. Kombo hakuliona hilo. Akamnyanyua, akampeleka mbio, akambandikia mwenyewe kiganja kwenye kioo.

Kijani.

Mize alifia kwenye benchi kabla ya adhuhuri. Barua ya wakubwa ilikuja baada ya wiki: mashine imepima mara mbili na majibu yamelingana. Asia akaachishwa kazi kwa kumgusa mgonjwa.

Kombo hajengi tena. Kila asubuhi huingia kwenye foleni na afya yake, akamgeukia mwanamke aliye mbele yake.

"Mama, samahani. Tazama juu."

Huvuta kope. Walinzi wamemtoa mara nne, mara moja kwa kumburura. Jana alimkuta mmoja, ndani ya kope peupe, mikono yote imepakwa hina.

"Wewe kaa chini hapa," akamwambia, naye akakaa kando yake. "Ikikwambia uende nyumbani, usiende."