Njia Inayoishia Mlangoni

Jumatatu ya tatu tangu wahamie, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mkimbiaji alisikia mtu akikimbia nyuma yake. Aligeuka. Barabara ilikuwa tupu.

Nyumba aliichagua yeye. Walikagua saba, na katika kila moja mumewe, fundi cherehani, aliangalia mwanga wa dirishani huku yeye akitoka nje kukanyaga udongo. Hii ya saba ilikuwa na njia ya vumbi laini, kilomita nane bila gari wala mbwa, iliyoanzia mlangoni, ikazunguka kilima na kurudi mlangoni pale pale. Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebakiza majuma matano.

"Wenzetu wanatafuta nyumba yenye maji," mumewe alisema. "Mke wangu anatafuta yenye vumbi."

"Na bafu lipo, fundi. Usilalamike."

Jumanne hatua zilirudi. Zilikuwa na mwendo wake, hata ule mguu wa kushoto aliokuwa akiuburuta kidogo tangu aumie kifundo. Alipokohoa, kikohozi kilifuata. Mkimbiaji akisikia mtu nyuma yake haulizi jina, huongeza kasi. Aliongeza, akafika nyumbani wa kwanza. Jumatano vivyo hivyo, ila hatua zilikuwa karibu zaidi na zilikuja na harufu ya nywele zilizoungua.

Alhamisi mumewe alimpunguzia kiuno cha suruali ya mazoezi, mara ya pili wiki ile.

"Swala wangu, unakwisha."

"Kuna mtu ananifukuza."

"Mwanamume?"

"Sijui. Anapumua kama mimi."

Fundi, mwenye pini mdomoni, hakutania tena.

Ijumaa walikwenda kwa mganga, bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Amewahi kukupita?"

"Hata siku moja, bibi."

"Ndiyo kosa. Huyo ni jini wa mbio, mjukuu wangu. Kila ukimshinda anakula nyama yako, ili kesho awe na nguvu zaidi. Mwache apite. Mbio za sakafuni huishia ukingoni; akifika mwisho wa njia atatulia huko huko."

"Nishindwe kwa makusudi?"

"Unaona? Hapo ndipo alipokushika."

Bibi hakuuliza njia inaishia wapi. Wao hawakusema.

Jumamosi alitoka saa kumi na moja kamili. Nyuma ya kilima hatua zilianza, na safari hii hakushindana nazo. Alipunguza mwendo ingawa magoti yalikataa, na hatua zikaja, na harufu ikaja, na pumzi ile iliyokuwa yake ikamfikia shingoni, sikioni, begani, ikawa ubavuni kwake kwa muda wa kukanyaga mara tatu, naye akakaza macho kwenye ncha za viatu vyake asije akaona, mpaka vumbi likaruka mbele yake na kusonga, kwa mwendo wake, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo.

Alisimama. Mwili ulikuwa mwepesi. Alicheka peke yake.

Kisha akaona vumbi linaelekea wapi, akakimbia kama hajawahi kukimbia.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aligonga. Cherehani ikanyamaza.

"Nani?"

"Mimi. Fungua."

Halafu sauti ya mumewe, ya chini, karibu na tundu la ufunguo.

"Mimi nani? Mke wangu ameingia sasa hivi. Yuko bafuni, anaoga."

"Fundi, ni mimi. Swala wako. Toka nje. Usichukue kitu, toka tu."

Ndani, mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi chake.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nne, maji ya bafuni yalifungwa.