Barua Zilizopotea Nyumbani kwa Bi Swaumu

Ilianza kwa barua moja kupungua. Bi Swaumu alitia barua kumi na nne ndani ya mfuko wa posta, akafunga kamba, akadondoshea lakiri ya moto juu ya fundo na kugonga muhuri. Lugembe, tarishi wa kijiji, akaupakia mfuko kwenye baiskeli hadi stesheni ya Usoke. Ulipofunguliwa kule zikatoka kumi na tatu, na lakiri ilikuwa nzima.

Bi Swaumu hakushtuka. Tangu Novemba ile, mwanawe wa pekee Twalibu alipoondoka na mgambo wenzake kwenda vitani Kagera, hakuna kilichomshtua. Alikula bila kuonja, akaitikia shikamoo za watu bila kuwatazama. Kazi tu ndiyo aliyoishika. Chumba chake cha mbele kilikuwa ndiyo posta ya kijiji: meza, muhuri, lakiri na mfuko. Walimpa kazi hiyo kwa kuwa alisomea Tabora mjini, na wengi waliohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa mwaka wa sabini na nne walihitaji mtu wa kuwasomea barua zao kwa sauti.

Nyumba zilipangwa mistari miwili juu ya uwanja ambao zamani misafara ya kwenda Ujiji, na matarishi wake wa barua, ilitua mizigo yake. Wazee walinung'unika kwamba pale wamelala watu wasiojulikana majina. Afisa wa serikali akawaambia waache ushirikina, nao wakajenga. Nani abishane na afisa mwenye Landrova?

Jumatatu iliyofuata ikapungua barua moja tena. Walipolinganisha orodha wakagundua kuwa mara zote mbili ni ya Twalibu, aliyoandikiwa na mama yake. Barua za wengine wote zilifika.

Basi wakaanza kutafuta ubovu. Waliugeuza mfuko ndani nje, wakabadili kamba, wakahesabu wote wawili kwa sauti. Lugembe akabadili njia na hata akaacha kupumzika kilabuni, jambo ambalo mkewe alilishangilia kuliko uhuru. Bado ya Twalibu haikufika.

"Mama, mimi siigusi barua yako, haki ya Mungu," alisema Lugembe.

"Najua, mwanangu."

"Hebu jiandikie mwenyewe. Nitaibeba kwenye mfuko wa shati, niitume kule, irudi na mfuko wa Ijumaa. Ikifika, basi njia ni nzima, na ubovu umo humu chumbani."

Bi Swaumu akaandika. Mkono wake ulikuwa umezoea barua za watu, ukaandika kama ulivyozoea: salamu nyingi, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali, na wasalimie wote waliomo humo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Hakufikiri kwamba humo nyumbani alikuwa akiishi peke yake.

Ijumaa barua ikarudi salama. Lugembe alipokwenda kula, Bi Swaumu akaifungua mchana ule wa jua kali na kuanza kuisoma kwa sauti, kwa mazoea tu, na alipofika pale pa kuwasalimia wote waliomo humo nyumbani alisikia harufu ya jasho na vumbi la safari ndefu ikimjia kutoka chumba cha ndani, harufu ya mtu aliyetembea siku nyingi bila kuoga, akasikia mkeka wake ukilia kama unavyolia mtu anapoinuka, na sauti kavu isiyoonja maji ikamwitikia kwa adabu kutoka nyuma ya pazia.

"Zimefika, mama. Siku nyingi sijasalimiwa."

Bi Swaumu alitoka nje akakaa kizingitini mpaka Lugembe aliporudi.

"Kuna mtu ndani," alimnong'oneza.

Lugembe akaingia na panga. Hakukuwa na mtu. Lakini vumbi la sakafuni lilikuwa na nyayo za miguu peku, zilizotoka chumba cha ndani, zikapita mezani na kuishia mlangoni. Hakukuwa na hata moja ya kurudi.

Tangu hapo kitu kile hakikujificha tena. Muhuri uligonga chumbani hali Bi Swaumu yuko jikoni, du, du, taratibu, kama mfanyakazi asiye na haraka. Watu walioleta barua waliziba pua. Na kila Jumatatu barua ya Twalibu ilitoweka, kwa miezi mitatu sasa. Hilo ndilo lililomuuma chini ya ganzi yake yote, kwamba mwanawe atakufa akiamini mama yake amemsahau.

Ndipo akamwita Masolwa, mganga aliyehamia kutoka Puge. Alikuja Jumanne asubuhi, akafukiza majani mpaka chumba hakionekani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Wewe ulimsalimia," alisema.

"Kwa bahati mbaya, baba."

"Salamu haina bahati mbaya. Ukimsalimia humo ndani amekuwa wa nyumbani, siwezi kumfukuza mimi. Mfukuze mwenyewe, mara tatu, kwa kinywa chako. Au kaa naye. Hajakudhuru."

"Anaiba barua za mwanangu."

"Umemwona akiiba?"

"Nani mwingine?" Bi Swaumu akageukia pazia. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Sikutaki. Toka. Sikutaki, toka. Sikutaki, usirudi tena kwangu."

Pazia likavutwa taratibu. Hatua nzito za mtu aliyechoka zikapita kati yao, harufu ikapita nazo, na mlangoni zikasimama kidogo, kama mtu anayengoja kuambiwa kwaheri. Hakuna aliyemwambia. Masolwa akapigilia hirizi juu ya mlango, akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata Lugembe alirudi akipiga kengele ya baiskeli tangu mbali. "Zote, mama! Ya Twalibu imo!" Usiku ule Bi Swaumu alionja chumvi kwenye mboga kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Ijumaa mfuko ukaleta barua moja kutoka vitani, kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Ilikuwa imeandikwa Alhamisi, siku tano kabla Masolwa hajaja. Bi Swaumu akaisoma kwa sauti, Lugembe akisikiliza.

"Mama, barua zako zote nimezipata, kila Jumatano bila kukosa. Wenzangu hawapati kitu, wananionea wivu. Yule mzee unayemtuma anakuja kwa miguu peku, barua ameibana kwenye ufa wa fimbo. Haingii handakini. Huniita nitoke nje niipokee mkononi, anasema ndiyo kazi yake tangu zamani. Mara mbili nilipotoka kumfuata, bomu lilipiga pale nilipolala. Jana limewaua wanne, mimi niko nje nasoma salamu zako. Mama, usiache kumtuma. Jumatano ijayo nitamngoja."

"Jumatano ipi hiyo, mama?" aliuliza Lugembe.

Bi Swaumu aliikunja ile karatasi vizuri. Jumatano mbili zilikwisha pita tangu aseme sikutaki.